Treni ya moshi ya Cass, West Virginia: usiishie Whittaker, panda mpaka Bald Knob

Mkuu umeuliza ukienda Cass na familia ukate tiketi ya Whittaker, kituo cha njiani, au ya Bald Knob, kule juu mlimani reli inakoishia. Mimi naishi upande huu wa Virginia na ile treni nimeipanda, nakwambia Bald Knob, ilimradi watoto wawe wa kuweza kukaa kwenye benchi masaa manne na nusu kwenda na kurudi. Whittaker ni maili 4 tu, safari ndo inaanza kunoga mnageuza.

Ile reli ilianza 1901, kampuni ya karatasi ilikuwa inashusha magogo, na mlima ni mkali kuna sehemu reli inapanda futi 11 kwa kila futi 100, injini ya kawaida hapo magurudumu yanaserereka tu. Ndo wakaleta Shay, injini aliyobuni Ephraim Shay, mvuna mbao wa Michigan. Kabla hamjaondoka simama upande wake wa kulia uangalie: silinda zimesimama wima, zinazungusha shafti ndefu, na shafti inapeleka nguvu kwa giya kwenye kila ekseli, hakuna gurudumu linalokaa bure. Inavyopumua kwa haraka utadhani inakimbia kumbe mwendo ni wa mtu anayekimbia polepole. Namba 5, mojawapo ya hizo Shay za Cass, ni ya 1905 na mlima wake ni huohuo tangu enzi za magogo, kwangu hilo ni jambo kubwa sana.

1960 uvunaji ulisimama, nusura kila kitu kiuzwe chuma chakavu, wapenzi wa treni wakapiga kelele mpaka serikali ya jimbo ikanunua, 1963 wakaanza kubeba abiria, 1968 wakafika Bald Knob, mlima wa futi 4,842 kutoka usawa wa bahari. Mabehewa ni yaleyale ya magogo, yamewekwa paa na mabenchi. Njiani kuna sehemu mbili treni inaingia reli isiyo na mbele, wanageuza njia, inaendelea kupanda kinyumenyume, watoto wanapenda sana hapo.

Beba majaketi hata kama ni Julai, juu kuna baridi, na masizi yanaruka kwahiyo miwani inasaidia. Simu usitegemee, pale ni jirani na darubini ya redio ya Green Bank na mawimbi ya simu yanabanwa kisheria yasiisumbue, ramani na tiketi print kabisa nyumbani. Kama mnaenda Oktoba majani yakibadilika rangi kata tiketi mapema mno.