Usiache Kiswahili, mwanangu

Mwanangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema yule dada wa chekechea huko Leipzig kakwambia Neema anachelewa kuongea kwa sababu ya lugha mbili, kwa hiyo uache kwanza Kiswahili mpaka Kijerumani kimkae vizuri, alafu ndo urudi. Unaniuliza mimi kama mama nafikiriaje. Hapana, usiache, na naomba unisome mpaka mwisho manake hili jambo lina kidonda kwangu.

Unamkumbuka bibi yako wa Ngudu. Mimi nimekua nyumbani kwake naongea Kisukuma tu mpaka nimeanza darasa la kwanza, na shuleni ilikuwa Kiswahili tu, ukiteleza ukatoa neno la nyumbani unavishwa kibao shingoni unazunguka nacho mpaka umsikie mwenzio kateleza ndo umvishe yeye. Ile aibu ilinikaa sana. Nilipokuzaa pale Mwanza nikajiapiza wewe hutakivaa, ndani tukawa tunaongea Kiswahili tu, nikasema Kisukuma atakiokota likizo kwa bibi yake. Hukukiokota. Kuna siku haijawahi kunitoka, mmekaa mkekani mnamenya karanga, bibi anakupigia stori ndefu, anacheka, anakugusa goti, alafu wewe unanigeukia mimi unasema "mama, anasemaje?" Nikakutafsiria maneno manne kitu alichokisema dakika tano. Bibi akanyamaza, akaendelea kumenya. Tangu hapo ikawa salamu tu ya Kisukuma, mwangaluka, unaitikia, anakujazia karanga kwenye kiganja, basi. Kafariki nyie wawili hamjawahi kuongea bila mimi katikati. Wewe ulikuwa mtoto, kosa lilikuwa langu, niliogopa.

Sasa tuje kwa Neema. Chukua daftari, wiki nzima andika kila neno analolitamka, ya Kijerumani na ya Kiswahili yote, alafu jumlisha. Maji aliyosema kwako na Wasser aliyosema kwa baba yake yote ni yake. Kule chekechea wanahesabu nusu tu ya mtoto. Kama ukijumlisha unaona bado maneno ni machache sana, au unamwita kwa nyuma hageuki, hapo mpeleke akapimwe masikio na usicheleweshe, ila hilo ni jambo lingine, halisababishwi na Kiswahili wala halitibiwi kwa kukinyamazia.

Na hilo la kuchanganya ndo lisikukoseshe usingizi kabisa. Kwenye ile video nimemsikia anasema "Opa amelala". Hebu mwangalie mtoto wa miaka miwili na nusu, kaokota Opa, yaani babu, kwa Kijerumani alafu kamwekea a- ya mtu na -me- ya jambo lililokwisha kutokea, hakuna mtu aliyemfundisha ubaoni. Anatumia alichonacho. Ataanza kutenganisha mwenyewe akishajua nani anaongea nini. Mwalimu mwenzangu aliyesoma isimu Mlimani aliwahi kunisimulia habari za Mfaransa mmoja, Jules Ronjat, mkewe alikuwa Mjerumani, wakakubaliana kila mmoja aongee na mtoto wao Louis lugha yake tu, na mwaka 1913 baba akachapisha jinsi mtoto alivyozishika zote mbili. Kwa hiyo hamjaanza nyie. Baba Neema Kijerumani, wewe Kiswahili, basi.

Kijerumani hakiwezi kupotea, kipo barabarani, kwenye basi, dukani, kwa Oma na Opa, kwenye katuni. Kiswahili huko kwenu kina mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe. Akikujibu kwa Kijerumani usijifanye hujasikia wala usimlazimishe arudie, wewe sema lilelile kwa Kiswahili uendelee na habari zenu.

Ila kuna kitu kimoja nakwambia kama mama yako usinikasirikie. Kwenye video zako unambembeleza kwa Kijerumani, unamkemea kwa Kiswahili. "Acha!" "Shuka hapo!" "We mtoto!" Mwanangu, nani atapenda kujibu kwa lugha anayogombezwa nayo? Mpe na utamu wake. Mwogeshe kwa Kiswahili, mmenyee chungwa kwa Kiswahili, mdekeze nacho, mtegee vitendawili hata kama hajui kujibu, akisikia "kitendawili" aseme "tega" inatosha kwa sasa.

Jumapili saa kumi jioni ya huku nitapiga. Ukishapokea mpe simu mwenyewe, nataka anipe shikamoo yangu nimwitikie marahaba, alafu tuongee. Ukisikia nimesema kitu hajaelewa kaa kimya tu, usimtafsirie, hata kama tutakaa tunaangaliana dakika nzima.

Mama yako