Ukianza elektrodinamiki ya uzamili

Milinganyo ya Maxwell, ile inayoeleza umeme na sumaku, ni ileile uliyoisoma shahada ya kwanza. Kinachowatoa watu jasho kwenye kozi ya uzamili ni hisabati ya kuitatua: kutenganisha vigeu, polinomia za Legendre, fungsheni za Bessel, fungsheni ya Green. Kwa hiyo kabla muhula haujaanza, usihangaike kusoma fizikia upya. Rudia kalkulasi ya vekta na milinganyo tofautishi mpaka mkono uzoee.

Swali likija, chora umbo kwanza. Tufe linataka Legendre, silinda inataka Bessel. Ukikosea hapo utajaza kurasa za integrali zisizo na mwisho. Kisha tabiri potenshali (volteji ya kila mahali) itakuwaje mbali sana na chaji, kwa umbali r. Jumla ya chaji ikiwa si sifuri, lazima ipungue kama 1/r; ikiwa sifuri, itapungua haraka zaidi.

Mfano: chaji q iko umbali d kutoka kitovu cha tufe la metali lenye nusu kipenyo a, lililounganishwa na ardhi. Chaji taswira, yaani chaji ya kubuni unayoiweka badala ya tufe, ni −qa/d, nayo hukaa umbali a²/d kutoka kitovu. Wengi hukariri hapo wakaondoka. Wewe ihoji: tufe likikua bila kikomo, huku chaji ikibaki umbali h kutoka kwenye uso wake, inakuwaje? Weka d = a + h, utaona taswira inakuwa −q na kina chake kinakaribia h, sawasawa na bati bapa. Jibu lisilopita jaribio kama hili limekosewa, hata aljebra ikipendeza vipi.

Vizio navyo vina mtego. Toleo la tatu la kitabu cha Jackson, ambacho huenda ndicho utakachopewa, linatumia SI katika sura 10 za kwanza, halafu linahamia mfumo wa vizio wa Gauss kwenye uhusianifu (nadharia ya Einstein). Andika juu ya kila ukurasa uko mfumo gani. (Mimi naona Gauss ni nzuri zaidi kwa uhusianifu, maana E (uga wa umeme) na B (uga wa sumaku) zina kizio kimoja, lakini usibishane na msahihishaji.)

Kwenye mnururisho, yaani mawimbi yanayotolewa na chaji inayoongeza kasi, makosa mengi hutokea pale unapotafuta mnyambuliko wa wakati uliochelewa (wakati wimbi lilipoiacha chaji). Kile kigawo 1 − n·β (n ni mwelekeo wa kwenda kwa mtazamaji, β ni kasi ya chaji ikigawanywa kwa kasi ya mwanga) husahaulika kirahisi.

Kundi la kusomea ni zuri, ila jaribu swali peke yako kwanza. Kwa mwalimu pia nenda na ukurasa uliokwama katikati, aone ni mstari gani umekushinda.