Kwa nini Ardern aliondoka

Ndugu, umeuliza kama Jacinda Ardern aliacha uwaziri mkuu wa Nyuzilandi kwa uchovu au kwa kuogopa kura. Kwa maoni yangu, mambo hayo mawili hayatenganishiki. Mwaka 2020 chama chake cha Labour kilipata viti 65 kati ya 120, ushindi uliotokana kwa kiasi kikubwa na jinsi alivyoikabili korona. Lakini kufikia mwishoni mwa 2022 wananchi walikuwa wakiipima serikali kwa bei ya vyakula na riba ya mikopo ya nyumba, huku hasira za masharti ya chanjo, zilizowafanya waandamanaji wapige kambi katika viwanja vya bunge kwa zaidi ya wiki tatu, zikiwa hazijapoa. Kabla ya hapo alikuwa ameliongoza taifa katika msiba wa misikiti ya Christchurch wa 2019, ambako watu 51 waliuawa, na nyumbani alikuwa na mtoto aliyemzaa akiwa madarakani. Tarehe 19 Januari 2023 alisema wazi kwamba hakuwa tena na nguvu za kutosha kuitendea haki kazi ile. Mimi naamini alisema kweli, ingawa kura za maoni zilikuwa zimekwisha kukiweka chama chake nyuma, na Oktoba mwaka huohuo kilishindwa uchaguzi kikiwa chini ya Chris Hipkins, aliyemrithi.