Swali la lugha: Elektroni nayo ni chembe?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Sisi huku Bagamoyo tunafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na chembe kwetu ni ile punje unayoibana kwa vidole. Mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia elektroni ni chembe, na hata mwanga una chembe. Je, ni matumizi sahihi? (Mama msomaji, Bagamoyo)

Jibu: Marahaba, mama. Mwanao yuko sahihi, nawe pia. Chembe ni kitu kidogo kinachohesabika kimoja kimoja. Udogo wenyewe neno halijaupimia. Ndiyo maana hospitalini husemwa chembe nyekundu za damu. Utata huja pale mwandishi wa sayansi anapoliacha neno peke yake, bila kutaja ni chembe za nini.

Tuingie ndani ya hiyo punje yako. Imejengwa kwa ioni (yaani atomu zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloridi zilizopangana. Kila ioni ina kiini chenye protoni na nyutroni, na nje ya kiini zipo elektroni. Hizo tatu ndizo chembe za atomu, ila hazilingani hadhi. Elektroni, aliyoigundua mwanafizikia J. J. Thomson mwaka 1897, haijaonekana kuwa na kitu kidogo zaidi ndani yake, kwa hiyo huitwa chembe ya msingi. Protoni inaizidi tungamo (kiasi cha maada) mara 1836 hivi, lakini si ya msingi: ndani yake mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, yaani kwaki juu mbili na kwaki chini moja. (Juu na chini hapa ni majina tu, hazikai ghorofani.) Nyutroni ina juu moja na chini mbili.

Mwanga ndio unaowashangaza wengi. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, haina tungamo wala chaji, na hakuna wa kuibana kwa vidole. Hata hivyo atomu ikifyonza mwanga, hufyonza fotoni nzima, si nusu wala robo. Kuhesabika huko ndiko kunakoipa haki ya kuitwa chembe, na mimi naliunga mkono neno hili kwa moyo wote.

Upatanisho ni mwepesi: elektroni hii, elektroni hizi. "Maelektroni" tuyaache. Ikiwa ni moja, mwanao aandike chembe, si chembechembe. Na kwenye daftari lake atenganishe: chembe za atomu ni protoni, nyutroni na elektroni, chembe za msingi ni elektroni, kwaki, fotoni na wenzao.