Kichocho cha tumbo bonde la Mto Senegal: kwa nini kipimo cha choo na cha mkojo havikubaliani?

SWALI: Naandaa mapitio ya tafiti za kichocho cha tumbo katika vijiji vya bonde la Mto Senegal. Mara kwa mara kipimo cha choo kinatoa kiwango cha maambukizi kilicho chini ya kile cha kadi ya mkojo, ilhali waliopimwa ni walewale. Nichukue kipi, au nitafute wastani wa vyote viwili?

JIBU: Wastani usiutafute, kwa kuwa vipimo hivyo havitafuti kitu kimoja. Kipimo cha choo, kinachojulikana maabara kwa majina ya Kato na Katz, kinatafuta mayai ya minyoo ya kichocho. Kadi ya mkojo inatafuta antijeni, yaani kemikali ya minyoo, ambayo minyoo hai huitapika ndani ya damu, kisha ikachujwa na figo hadi kwenye mkojo; ikiwapo, mstari hujitokeza kwenye kadi.

Fikiria jinsi slaidi inavyotengenezwa. Choo husukumwa kwenye wavu, kikajazwa ndani ya tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7 tu, kikafunikwa kwa karatasi ya selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, kisha mayai yenye mwiba ubavuni yakahesabiwa kwa hadubini na hesabu kuzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa kila gramu. Sasa chukua mtu anayetoa mayai 12 kwa gramu: slaidi yake ina wastani wa nusu yai. Hata kama mayai yangetapakaa sawasawa, slaidi 6 hivi katika kila 10 za mtu huyo zisingeonyesha kitu, naye angeandikwa kuwa hana kichocho. Ukimsomea slaidi 6, uwezekano wa kumkosa unashuka hadi asilimia 5 hivi. Lakini mayai hukaa kwa mafungu na hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu hii.

Ndiyo maana mwaka wa utafiti una uzito mkubwa katika bonde hilo. Bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986, maji ya chumvi yalizuiwa kupanda mtoni, na konokono wanaobeba vimelea wakastawi katika mifereji ya mashamba ya miwa. Wagonjwa wa kwanza wa kichocho cha tumbo waligunduliwa katika mji wa Richard-Toll, bondeni humo, mwaka 1988. Miaka michache tu baadaye, katika kijiji jirani cha Ndombo, sampuli ya watu zaidi ya 400 ilionyesha maambukizi ya asilimia 91. Mayai yanapokuwa mengi kiasi hicho, slaidi moja hutosha kuwakamata walio wengi. Pengo hupanuka baada ya kugawa dawa mara kwa mara, wakati wengi wa wanaobaki na minyoo wanatoa mayai machache.

Ndombo hiyohiyo inakupa tahadhari nyingine. Wiki 12 baada ya kutibiwa kwa prazikwanteli ya miligramu 40 kwa kilo, ni asilimia 18 tu waliokuwa hawana mayai tena, lakini wastani wa mayai ulikuwa umeshuka kwa asilimia 86. Anayesoma safu ya kiwango cha maambukizi peke yake ataona dawa imeshindwa. Anayesoma wingi wa mayai ataona mzigo mkubwa umetuliwa.

Kwa upande wa kadi, angalia waandishi wameufanyia nini mstari hafifu. Wapo wanaouhesabu kuwa maambukizi na wapo wanaouacha, na uamuzi huo pekee waweza kuinua au kushusha kiwango cha kijiji kizima. Tena kadi hiyo, ijapokuwa hutumia mkojo, haifai sana kwa kichocho cha mkojo, ambacho nacho kipo bondeni. Kwa kichocho hicho bado mililita 10 za mkojo huchujwa na mayai kuhesabiwa. (Kosa la kudhani kadi inakifaa nimelikuta hata kwa watu wazoefu, na nadhani jina la kadi limechangia.)

Kwa hiyo jedwali lako liwe na safu mbili zisizochanganywa, na kando ya kila kiwango uandike idadi ya slaidi na siku za kukusanya sampuli, umri wa waliopimwa, na muda uliopita tangu ugawaji wa dawa wa mwisho. Umri usiuache, maana utafiti wa wanafunzi wa shule ya msingi hausemei kijiji kizima. Chapisho lisilotaja idadi ya slaidi, waandikie waandishi wake kabla ya kuliingiza.