Maswali na majibu: kichwa cha treni ambacho abiria hakioni

Safu iliyopita niligusia reli ya Elizabeth ya London, ile inayowaleta watu kutoka Reading, Shenfield na vitongoji vingine na kuwapitisha chini kabisa ya katikati ya jiji. Vichwa vya treni vilivyotumika kuijenga nilivitaja kwa sentensi moja tu, kumbe hiyo sentensi ndiyo iliyowawasha. Nimechagua maswali sita.

Naishi Morogoro. SGR yetu ni ya umeme, lakini wakati wa ujenzi nilikuwa naona kichwa cha dizeli kikivuta mataruma. Kwa nini wasitumie umeme tangu mwanzo?

Umeme gani, ndugu yangu? Waya ndio mgeni wa mwisho kufika. Linatangulia tuta, yanafuata mataruma, reli na kokoto, zinasimikwa nguzo, ndipo waya unapandishwa. Na mafundi wanaoufunga husimama kwenye jukwaa juu ya behewa, behewa ambalo lazima livutwe na kitu kisichotegemea waya huohuo.

London ilikuwa vivyo hivyo. Reli ya Elizabeth inatumia umeme wa kilovolti 25 kutoka juu, sawa na SGR yetu, lakini reli za mahandaki yake, zaidi ya kilomita 50 ukijumlisha njia zote mbili, zilitandikwa kwa treni za dizeli. Kituo kikuu cha kazi kilikuwa Plumstead, kusini-mashariki mwa jiji. Treni moja ilikuwa na urefu wa mita 465. Ilikuwa kiwanda cha zege chenye magurudumu: mchanga, kokoto, saruji na maji vyote vimo mabehewani, vinachanganywa hukohuko chini, na zege inasukumwa hadi chini ya mataruma. Zege haina subira. Ukiichanganya nje ukaisafirisha kilomita kadhaa handakini, inaanza kukamata kabla haijafika.

Je, moshi wa dizeli hauwaui wafanyakazi handakini?

Swali hili limesumbua vichwa vya wahandisi kwa zaidi ya miaka 100, na majibu yao yamebadilika sana.

Mwaka 1899, London ilipokuwa inajenga reli ya Central, kiwanda cha Hunslet cha Leeds kilitengeneza vichwa viwili vidogo vya mvuke. Naam, mvuke, ndani ya bomba la chuma lenye upana wa mita tatu na nusu hivi! Ujanja ulikuwa kwamba viliweza kuchoma makaa vikiwa nje na mafuta vikiwa ndani, ili moshi upungue. Nasema upungue, maana joto na mvuke wenyewe vilikwenda wapi? Mimi nisingeomba kibarua pale.

Miaka sita baadaye likaja wazo safi zaidi. Reli ya chini ambayo leo ni sehemu ya njia ya Piccadilly ilipojengwa, mwaka 1905 kampuni ya Hurst Nelson ilileta vichwa viwili vya betri. Wazo hilo halijafa mpaka leo. London bado ina vichwa vya betri vya kazi za usiku: njiani vinakula umeme wa reli, vikifika mahali ambapo umeme umezimwa ili mafundi waguse reli bila kufa, vinajitegemea kwa betri.

Dizeli iliingia kwa sababu ina nguvu ya kuvuta siku nzima bila kusimama kuchajiwa. Ila haiachiwi tu. Ekzosi inawekewa vichujio, feni kubwa zinasukuma hewa kutoka mdomoni mwa handaki, na hewa inapimwa kila zamu. Petroli hairuhusiwi, maana mvuke wake unalipuka.

Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, Mombasa. Kwenye video nimeona kichwa kiko nyuma kinasukuma mabehewa. Dereva anaonaje mbele?

Haoni, mwanangu. Fikiria mahali reli inapoishia. Mbele hakuna kitu ila mataruma au zege tupu. Vifaa vinatakiwa pale pale kwenye ncha, kwa hiyo mabehewa yanatangulia na kichwa kinabaki nyuma, kwenye reli iliyokwisha kufungwa. Kikitangulia, kitajifungia chenyewe kwenye ncha na mzigo utakuwa upande usiotakiwa.

Macho ya dereva ni mtu mwingine, anayekaa mbele na redio mkononi. Anahesabu mita: "Ishirini... kumi... tano... simama." Mwendo ni wa mtu anayetembea, na akinyamaza ghafla dereva husimamisha treni bila kuuliza. Ukimya nao ni amri.

Udongo wote wa handaki ulitolewa kwa treni?

Sehemu tu. Kwenye reli ya Elizabeth, mashine nane kubwa za kuchimba zilifanya kazi kati ya 2012 na 2015, na upande wa magharibi udongo ulitoka handakini kwa mkanda mrefu. Kutoka Westbourne Park ndipo ulipopakiwa kwenye treni za mizigo hadi Northfleet, kwenye mto Thames, kisha ukaingia melini kwenda kisiwa cha Wallasea. Kisiwa hicho kilipokea zaidi ya tani milioni 3 kutoka mradi mzima, na sasa ni makazi ya ndege wa majini.

Vichwa hivyo vikimaliza kazi vinauzwa chuma chakavu?

Vingine hurudi kwa mwenye navyo na kukodishwa kwa mradi mwingine, hata nchi nyingine. Hadithi ninayoipenda ni ya njia ya Jubilee, moja ya reli za chini za London, ambayo kipande chake cha kurefushwa kilifunguliwa 1999. Kwa kazi hiyo vililetwa vichwa 14 vya dizeli kutoka kiwanda cha Schöma cha Ujerumani. Ujenzi ukaisha, vyenyewe vikaajiriwa: reli za chini za London zilivichukua kwa matengenezo ya usiku. Na kila kimoja kilipewa jina la mwanamke. Kuna Britta Lotta, Denise, Emma, Clementine, Joan, Carol na wenzao. Usiku wa manane, mji umelala, Clementine anavuta kokoto.

Siku ya uzinduzi, ni kichwa gani kinachopita kwanza?

Hakuna, dada yangu wa Zanzibar. Reli ya Elizabeth ilifunguliwa kwa abiria tarehe 24 Mei 2022, na treni zake za mabehewa 9, zenye urefu wa mita 200 hivi, hazina kichwa kabisa. Mota zimefichwa chini ya sakafu ya mabehewa yenyewe. Vile vichwa vya dizeli vilikuwa vimeshapita hapo miaka mitano kabla, vikiwa na tope hadi kwenye vioo.