Bf 110 kwenye War Thunder: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii kuhusu War Thunder, gemu ya vita ya kompyuta, karibu yote yanahusu Messerschmitt Bf 110, ndege nzito ya kivita ya Wajerumani yenye injini mbili. Naipenda sana ndege hii, na inaniuma kuona wachezaji wengi wakiitupa baada ya mechi chache.

Nikiwa na Bf 110 toleo la C-4, Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ikinikalia mkiani nimekwisha. Nakosea wapi?

Unakubali kuzungushana nayo. Bf 110 ina mabawa ya mita 16 na ushee, na ikijazwa mafuta na risasi inafika tani 6. Spitfire ya mwaka 1940 haifiki tani 3. Injini zako nazo zimekaa mbali na kiwiliwili, moja kila upande, ndiyo maana ndege inachelewa kulala ubavu unapotaka kukata kona. Hakuna wepesi wa mkono utakaofuta tofauti hiyo.

Dakika za mwanzo zitumie kupanda juu, hata kama wenzako wameshaanza kupigana huko chini. Ukishapata kimo, tafuta adui aliye chini yako ambaye macho yake yako kwingine. Shuka kwa kasi, piga mara moja, kisha nyoosha njia bila kugeuka mpaka mmeachana kilomita mbili au tatu. Hapo ndipo ugeuke na kuanza kupanda tena. Wengi hufia katika kishawishi cha kumalizia adui aliyejeruhiwa: wanavuta ndege kwa nguvu, kasi yote inayeyuka, na Spitfire ya pili inawakuta wameelea kama shabaha ya mazoezi. Muache aende. Ukiwa juu utampata tena, yeye au mwenzake.

Risasi zangu zinapita chini ya adui. Nipige nikiwa umbali gani?

Mita 200 hadi 300, si zaidi. Mizinga ya MG FF ya milimita 20 haina mwendo mkali wa risasi, kwa hiyo kwa mbali risasi zinaanguka kabla ya kufika. Faida yako kubwa ni kwamba mizinga 2 na rashasha 4 zote zimefungwa puani. Haziko kwenye mabawa, kwa hiyo hazipishani mbele yako. Zinakwenda zilikoelekea pua. Kwa karibu, mfyatuo mfupi unatosha kukata bawa.

Lakini usimwage risasi, maana kila mzinga una 180 tu. Katika ndege halisi zilikaa kwenye magazini za risasi 60, na aliyezibadilisha ni mwenzake na rubani, aliyekaa nyuma yake, katikati ya pambano, ndege ikijipinda na kumlemea kwa uzito wa chuma alichoshika. Namheshimu mno mtu aliyefanya kazi ile.

Huyo wa nyuma ana msaada wowote kwenye kupigana?

Kidogo sana. Ana rashasha moja tu, MG 15 ya milimita 7.92. Usiende moja kwa moja ukitegemea akuokoe.

Kama ilikuwa dhaifu hivyo, kwa nini Ujerumani iliitengeneza?

Haikuwa dhaifu, ilipewa kazi isiyo yake. Iliruka mara ya kwanza Mei 1936, na ilikusudiwa kwenda mbali na ndege za mabomu na kuwafagia maadui njiani. Tarehe 18 Desemba 1939, ndege za mabomu 22 za Uingereza aina ya Wellington zilifika eneo la Wilhelmshaven bila ulinzi, na 12 zikapotea. Bf 110 zilikuwa miongoni mwa zilizoziangusha. Dhidi ya ndege za mabomu, silaha za puani zilionyesha thamani yake.

Mwaka uliofuata, katika Vita vya Uingereza, yaani mapambano ya angani ya Wajerumani dhidi ya Waingereza, mambo yaligeuka. Tarehe 15 Agosti 1940, Bf 110 zipatazo 21 ziliondoka Norway kulinda ndege za mabomu za Heinkel zilizoelekea kaskazini mashariki mwa Uingereza, na 7 hazikurudi. Rada ilikuwa imeshawapa Waingereza taarifa. Zilipolazimishwa kubaki karibu na ndege za mabomu, marubani wake walinyang'anywa kasi na kimo, vitu viwili walivyovitegemea. Hadi vita hivyo vinamalizika, Bf 110 zaidi ya 200 zilikuwa zimepotea. Ilifika mahali ndege iliyotumwa kulinda ikawa yenyewe inalindwa na Bf 109, ndege ndogo ya kivita ya Wajerumani yenye injini moja. Anayeiita ndege mbovu kwa sababu ya mwaka ule anaionea.

Ni kweli iling'ara usiku?

Kweli kabisa. Gizani hakukuwa na Spitfire za kuzungushana nazo. Kulikuwa na nafasi ya kubeba rada, mtu wa kuisoma, na mafuta ya kukaa angani muda mrefu. Rubani Mjerumani Heinz-Wolfgang Schnaufer aliangusha ndege 121, zote usiku, akiwa kwenye Bf 110. Baadhi ya ndege hizo zilifungwa mizinga iliyoelekea juu: rubani alijipenyeza chini ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, ambayo kwa kawaida haikuwa na bunduki tumboni, akalenga matangi ya mafuta bawani. Tumboni hakupagusa, maana mabomu yangelipuka na kumwangukia mwenyewe.

Kwenye gemu chukua somo hilo hilo. Ndege ya mabomu usiifuate kwa nyuma, mkiwa kimo kimoja, ukipigwa na bunduki zake zote. Ijie kwa mbele au kwa juu, ukiwa na kasi.

Lazima nitumie joistiki?

Kwa mapambano ya kawaida kipanya kinatosha. Kwenye hali ya simuleta, inayoiga urushaji wa ndege halisi, joistiki inahitajika kwelikweli.

Injini moja ikizimika, niruke kwa mwavuli?

Hapana, rudi uwanjani. Kwanza shusha pua kidogo upate kasi. Punguza nguvu ya injini iliyobaki, kwa sababu ikivuta kwa nguvu zote huku kasi ni ndogo itakupindua upande wa ile iliyokufa. Shikilia usukani wa mkia kuinyoosha, geuka taratibu kuelekea upande wa injini nzima, na usipande. Ukiwa na kimo cha mita 2,000 mara nyingi unafika.